Sauti Yangu Ndani ya Kofia

Kenani alikuwa amesimama kwenye bomba tangu asubuhi, na mimi sikujua. Nilidhani amekwenda kuteka maji kama mtu mzima yeyote anavyokwenda, na akimaliza atarudi. Jirani yangu, Mama Tulizo, ndiye aliyekuja alasiri, ndoo kichwani, akaniambia mwanangu yuko bombani, wanawake wote wamechota wakaondoka, yeye anawapisha tu. Alikuwa amemsalimia asijibiwe.

Nikaenda mbio. Bomba letu siku hizi halina koki. Unaweka kiganja kwenye kibati cheusi, linakutambua, linakutolea maji ya nyumba yako. Dumu la Kenani lilikuwa tupu miguuni pake. Manyunyu ya Njombe yalikuwa yamemlowesha mpaka shati limegandamana na mgongo. Mtu mwenye mabega yake, aliyelinda mpaka wa nchi, amesimama kama nguzo.

Nikamwambia kwa upole, "Baba, twende nyumbani."

Aliposikia sauti yangu akaanza kutetemeka. Baridi alikuwa nayo tangu asubuhi, lakini kutetemeka kulianza pale nilipofungua mdomo. Akaziba masikio.

"Sijaondoka, mama," akasema. "Nimebaki. Naomba nisiambiwe tena."

Mama Tulizo akamshika mkono, akamwongoza njia nzima, mimi nikifuata nyuma bila neno. Tangu siku hiyo nikawa bubu ndani ya nyumba yangu. Nikitaka ale, namwandikia kwenye simu. Nikitaka kukohoa, natoka nje. Mimi niliyemzaa, naogopa kupumua kwa sauti mbele yake.

Naandika haya kwa ajili yenu, akina mama mtakaoitwa Kituoni, kule wanakotibiwa askari, mkapewa soda na kiti cha kuzunguka. Wakikuomba sauti yako, uliza ni ya kufanyia nini. Usitosheke na jibu la kwanza.

* * *

Kenani alirudi kutoka mpakani akiwa mzima wa mwili, na kijiji kikashangilia. Mimi ndiye niliyeligundua lile jambo la madumu. Mtu aliangusha dumu tupu uani, likalia kwenye saruji, na mwanangu akawa chini ya meza. Sijui alifikaje.

Basi tukaanza kumhurumia, na huruma yetu ilikuwa hivi: madumu yote nikayaficha uvunguni mwa kitanda changu. Mifuniko ya sufuria nikaifunga matambara. Majirani nikawaomba wapite njia ya juu wakienda bombani. Mwanzoni aliikwepa njia ya bomba tu. Baadaye akaacha kwenda dukani, kisha kanisani, mwisho akawa hatoki chumbani. Kila alichokikimbia hakikumwacha, kilimfuata hatua moja ndani zaidi, na sisi tulikuwa tunakifungulia mlango.

Ndipo akaja Stamili Ngonyani, mshauri kutoka Kituo cha Mlima Baridi. Mwanamke mdogo wa umbo, na mabuti ya mvua. Alipoyaona madumu uvunguni akacheka, akaniambia niyatoe nje yote. Nilimchukia siku hiyo, sifichi.

Lakini nilimwona anavyofanya kazi. Aliweka dumu moja mbali kabisa, kwenye ua, akamketisha Kenani mlangoni, akamuuliza hofu yake ni ngapi kati ya sifuri na mia. Akajibu themanini, jasho linamtoka. Stamili hakumwambia usiogope. Hakumwambia kitu. Alichukua kisu akaanza kumenya viazi pamoja nami, tukaongea habari za bei ya mbolea, na baada ya muda akamuuliza tena. Ilikuwa imeshuka yenyewe, bila mtu kuigusa. Siku nyingine dumu lilisogea, mpaka likafika mlangoni, mpaka akaligonga kwa kidole, mpaka akalipiga teke mwenyewe, tukacheka wote watatu.

Kulikuwa na sehemu nyingine ambayo mimi nilitolewa nje. Kenani alifumba macho akasimulia siku ile ya mpakani, akiisema kama inayotokea sasa hivi, toka mwanzo hadi mwisho, kisha akairudia. Hakutaka niisikie. Walikubaliana kwamba akiinua kidole, wanaacha. Walikunywa chai, kisha Stamili alimuuliza kama anataka kurudi ndani ya ile siku. Mara nyingi alitaka.

Nilimuuliza Stamili kwa nini asimshikilie tu mara moja amalize, maana njia yake ilikuwa ndefu. Jibu lake ninalo mpaka leo.

"Akibaki mwenyewe, mama, mwili wake unajifunza kwamba dumu haliui. Nikimshikilia, utajifunza kwamba ameshikiliwa."

Tulipovuna viazi alikuwa amefika pazuri. Kulibaki bomba, na ile habari yenyewe ya mpakani.

* * *

Jeshi lilikuwa na haraka. Mpakani watu walipungua, na mshauri anayemenya viazi na askari mmoja miezi mizima alionekana ni mzaha. Kampuni moja ikaleta kofia, na Kenani naye akahamishiwa huko.

Nilivaa hiyo kofia siku ya maonyesho, kwa hiyo sisemi ya kusikia. Inafunika macho na masikio, na waya mwembamba unashuka mpaka kiganjani. Unasimulia, yenyewe inachora. Mimi nilisimulia jiko la mama yangu, na kabla sijamaliza sentensi niliuona moshi, nikaona chungu, pua ikanusa majivu yenye maji. Niliomba nivuliwe nisije nikalia mbele za watu. Inasikiliza moyo unavyodunda na kiganja kinavyotoa jasho, na hiyo hofu ambayo Stamili alikuwa anaiuliza kwa mdomo, yenyewe inaisoma na kuiandika kwenye kioo cha nje. Askari anasimulia siku yake, siku inamrudia mbele ya macho, anakaa humo mpaka hofu ichoke. Kanuni ni ileile ya dumu na ua. Sijasema ni chombo kibaya.

Tatizo lilikuwa kidole. Askari wakifika pale pabaya waliinua kidole, wakavua kofia, wakatoka nje kuvuta sigara, na wengine hawakurudi siku hiyo. Kwa Stamili kidole kilikuwa sehemu ya dawa. Kwa kampuni kilikuwa muda uliopotea. Kukikataza hawakuweza, sheria inakilinda. Wakatafuta kitu kitakachomfanya askari akishushe mwenyewe.

Wakaita akina mama.

Fundi aliyenipokea aliitwa Obadia, kijana wa adabu zake, shikamoo mbili mbili. Aliniambia askari wanatulia wakisikia sauti ya nyumbani. Nani angekataa? Akaniuliza nilikuwa namwitaje Kenani kwenye chakula, nikasema. Nilikuwa nambembelezaje akiwa na homa, nikasema, na machozi kidogo. Kisha akauliza, kama mtu anayepitisha muda, kwamba nikitaka asiondoke mahali nilikuwa namwambiaje.

Nikacheka. Nikamhadithia habari za pareto. Tulikuwa tunaanika maua kwenye mikeka, na mtoto ndiye anayebaki kufukuza kuku. Watoto wa wenzangu walikuwa wanatoroka kwenda kucheza. Wangu nikimwambia, "Kaa hapo baba, usiondoke mpaka mama nikuambie," hata ufike jioni unamkuta. Siku moja mvua ya mawe ilinyesha nikiwa mbali, nikarudi nikamkuta amelala kifudifudi juu ya maua, mgongo una alama nyekundu za barafu. Nilisimulia kwa majivuno. Kwetu mtoto wa hivyo ndiye anayesifiwa.

Obadia akaniomba nilirudie lile neno. Nikalirudia. Akaomba tena, safari hii nisicheke.

* * *

Baada ya siku ile ya bomba nilikwenda Kituoni kuuliza. Gari lao lilikuwa limeshamchukua Kenani mapema kwa ajili ya kofia, nami nikafuata na Mama Tulizo, ambaye alikuja kwa sababu hapendi kusimuliwa. Tulikaa kwenye benchi la barazani. Wiki nzima nilikuwa bubu nyumbani, na pale ulimi ulifunguka nikaongea kama niliyelipwa.

Zamu yangu ya dirishani ilipokaribia nikainuka, nikamtania Mama Tulizo alinde kikapu changu.

"Kaa hapo, usiondoke mpaka nikuambie."

"Mimi si mwanao," akanijibu. "Nikichoka naondoka, na kikapu nakula."

Kulikuwa na askari anapita uani na sahani ya wali na maharage. Alisimama. Sikumjali kwanza. Nikaenda dirishani, nikaambiwa nisubiri mkurugenzi, nikarudi. Askari yuko palepale, manyunyu yanaingia kwenye sahani, wali unaelea.

"Huyu naye vipi?" Mama Tulizo akasema. "Mwenzetu una sauti ya kupiga breki."

Nikamsogelea. Nikamuuliza jina, akasema Mabula. Nikamuuliza kwa nini hali chakula chake, akasema hajaambiwa. Macho yake yalikuwa kwangu kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtu mgeni, kama mtoto anayengoja kufunguliwa mlango. Nikamuuliza mama yake yuko wapi.

"Alifariki nikiwa mdogo," akasema. "Ninayekusikia ni wewe."

Mama Tulizo akaacha kucheka. Mimi nikasema kitu cha kwanza kilichokuja, nenda ukale mwanangu, chakula kinapoa, na Mabula akaondoka papo hapo, karibu anakimbia. Na hilo nalo lilikuwa agizo. Nilibaki nimeushika mdomo wangu kwa mkono.

Mkurugenzi, Bwana Chengula, hakukana. Alinipa kiti, akaniita mama yangu, akanieleza kwa furaha kabisa kwamba walijaribu sauti nyingi. Askari walibishana na mama zao ndani ya kofia, wengine waliwatukana. Yangu hakuibishia hata mmoja. Kwa hiyo waliiweka kwenye kofia zote. Vidole vimekwisha, akasema, askari wanamaliza kwa wiki chache na kurudi kazini.

Nikamwambia vidole havijaisha, wamevishusha kwa mdomo wangu. Nikamwambia mwanangu amesimama mvuani mchana kutwa na wao wanasema amepona. Sikupiga kelele. Nilikuwa na hasira ya kutosha hata kelele sikuihitaji. Nikamwambia aitoe sauti yangu kwenye kofia zote, leo.

Alichonijibu ndicho kilichonitia uchungu kuliko yote. Alisema ni haki yangu, nikitamka tu anaitoa. Lakini vyumbani kuna watu sasa hivi, katikati ya siku zao mbaya. Sauti ikikatika watavua kofia na kukimbia, na anayekimbia hofu ikiwa kileleni anatoka akiwa ameumia kuliko alivyoingia. Akaniambia nimuulize Stamili wangu kama anadanganya.

"Na mwanao yumo ndani," akasema. "Amua wewe, mama."

Mtu anachukua kitu chako, anajenga nyumba juu yake, ukikidai anakuambia utawaangushia watu paa. Halafu anakunyooshea mkono kwa heshima, amua wewe.

Stamili alikuwa amesimama mlangoni. Siku hizo kazi yake ilikuwa kutazama namba nyuma ya kioo. Nikamuuliza. Hakunificha, ni kweli, kukimbia kileleni kunaharibu. Lakini huku kubakizwa nako si tiba, na yeye alishasema mpaka wakamtoa vyumbani. Nikamuuliza basi nifanye nini. Akasema hawezi kumwamulia Kenani, na mimi pia siwezi. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa vyumba.

* * *

Kenani alikuwa kwenye kiti, kofia imemfunika mpaka puani. Namba kwenye kioo ilikuwa karibu na mia. Midomo yake ilikuwa inasimulia lakini sauti haitoki. Kidole cha mkono wa kulia kilianza kuinuka polepole. Na nikaisikia sauti yangu. Ilivuja kutoka kwenye hedifoni za ndani ya kofia, laini, haina kicheko: kaa hapo baba, usiondoke mpaka mama nikuambie. Kidole kikashuka.

Kikainuka tena. Nikasema tena ndani ya kofia. Kikashuka.

Nilifungua mdomo nimwambie ondoka, vua hicho kitu twende zetu. Nikajizuia. Ningemwambia, angetii. Angevua kofia kwa sababu mama kasema, akatoka na ile siku ikiwa imemwakia mwili mzima, na pengine asingetoka tena chini ya meza maisha yake yote. Na nikinyamaza, wale wanaendelea kumpeleka kwa mdomo wangu wanakotaka. Mama anasema kaa, mama anasema ondoka, na katikati hapo Kenani mwenyewe yuko wapi? Nilikuwa nimemlea asiwepo. Hilo nililiona pale, na muda wa kulilia haukuwepo.

Nikapiga magoti mbele yake, nikaweka mkono kwenye goti lake, taratibu, Stamili alivyonifundisha nisimshtue. Akasita. Akainua ukingo wa kofia kwa mkono wa kushoto, jicho moja likaniona.

Nikafumba mdomo. Niliubana kabisa, midomo imeingia ndani, ili aone. Na sauti yangu ikaendelea kusema masikioni mwake, kaa hapo baba. Jicho lake likaangalia mdomo wangu. Likaangalia macho yangu. Likarudi mdomoni. Aliangalia muda mrefu, kama mtu anayekagua noti ya fedha, na mimi sikupepesa macho.

Sauti ilipotulia ndipo nikasema.

"Huyo si mimi. Unataka nini wewe?"

Sikuwa nimewahi kumuuliza swali kama hilo, tangu azaliwe. Nyuma ya dirisha la kioo nilimwona Obadia anainuka, na Stamili anamwekea mkono begani akae. Namba haikushuka wala kupanda.

"Zima sauti," Kenani akasema. "Picha iache."

Obadia akajibu kupitia spika ya ukutani kwamba haiwezekani, sauti na picha ni kitu kimoja, hawakuweka mahali pa kuzitenganisha. Alisema kwa unyonge, nadhani ndiyo kwanza analifikiria. Kenani akaingiza vidole ndani ya kofia, akazing'oa hedifoni na nyaya zake, akazitupa sakafuni. Kisha akashusha kofia machoni.

Nikajua anaingia kwenye ile habari asiyotaka niisikie. Nikainuka nitoke.

"Kaa ukitaka," akasema.

Nikakaa chini, sakafuni.

Akaanza kwa sauti ya kawaida. Ni mchana, jua kali. Ninalinda kisima cha pampu. Wanawake wamepanga foleni na madumu ya njano, mmoja ananitania ati nimekonda, nimwoe anilishe. Nasikia mlio, uko mbali, unakuja. Nawaambia wasogee ukutani. Wananitii. Wanasogea wote, wanajibanza kwenye ukuta kama nilivyowaambia, na yule aliyenitania anavuta wenzake wawili waliokuwa wamebaki nyuma. Bomu linaupiga ukuta.

Kidole kikainuka, na hakuna aliyesema kitu. Stamili alikuwa amekwisha kuingia, amesimama nyuma yangu. Mimi nilikuwa na neno mdomoni, si kosa lako mwanangu, ungejuaje, kila mama angelisema. Stamili akanitazama akatikisa kichwa. Nikalimeza.

Kidole kilikaa juu. Kisha Kenani akakishusha mwenyewe na kuendelea. Madumu yanaanguka. Yanaanguka moja moja, yanaruka, yanalia kwenye saruji, hata baada ya watu kunyamaza madumu bado yanalia. Alisema yote, na sitayaandika hapa, ni yake. Alipofika mwisho alikuwa amelowa kuliko siku ile ya bomba. Stamili akamuuliza ngapi. Akasema tisini. Akapewa maji, akanywa.

"Nirudie?" akauliza, na nadhani alikuwa anajiuliza yeye, maana hakungoja jibu. Akaanza tena. Ni mchana, jua kali. Alirudia mpaka ile namba ikaanza kushuka, kidogo, kama ilivyokuwa ikishuka mlangoni kwetu tukimenya viazi, na katikati ya kurudia nikamsikia anacheka kidogo pale yule mwanamke anapomwambia amekonda.

Chumba kilipotulia ndipo nilipojisikia tena. Ilitoka upande wa pili wa ukuta, chumba cha jirani, sauti yangu ileile, inambakiza mtoto wa mwenzangu. Na mbele yake chumba kingine. Ujia mzima ulikuwa unaongea kwa mdomo wangu.

Kenani alikuwa amevua kofia, anapangusa uso kwa shati. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba natoka. Akaitikia kwa kichwa. Stamili akanifuata ujiani na ufunguo, na Bwana Chengula alikuwa anakuja kutoka upande wa ofisini, haraka haraka, ananiita mama yangu, mama yangu.

Niliufumba mdomo kabisa, nikamnyooshea Stamili kidole kwenye mlango wa pili, akaufungua.